Mchele wa meli: unatulisha au unamuua mkulima wetu?

KAPUNGU: Wadau, Haiti zamani ilikuwa karibu yajitosheleza kwa mchele. 1995 ushuru ukashushwa hadi asilimia 3, mchele wa Marekani ukajaa madukani, wakulima wakatupa majembe wakahamia mjini. 2010 Clinton mwenyewe, rais wao wa zamani, akakiri mbele ya maseneta kuwa waliofaidi ni wakulima wa kwao Arkansas. Sasa na hapa bandarini Kilindini, Mombasa, mifuko ya Pakistan yashuka tu. Mwatuonaje?

MTU WA MWEA: Sisi tunalima na mchele wa pishori uko. Shida ni nyinyi wa pwani, shamba hamtaki, kazi ni kukaa barazani mkingoja meli.

BINTI KIBOKONI: Ati nini?? Babu yangu kalima mpunga Vanga mpaka mgongo ukapinda. Wewe uliza kwanza ardhi ya pwani iko mikononi mwa nani, mtu ni skwota kwenye kaburi la babake mwenyewe, apande mnazi leo kesho aletewe buldoza, halafu mvivu ni yeye! Na ule mradi wa mpunga wa Tana Delta ulibebwa na mafuriko ya El Nino ya 97, si uvivu ule.

KAPUNGU: Jamani turudi kwenye ushuru...

MZEE LIKONI: Ushuru wala nini, mwanangu. 1984 ukame ulipopiga twala mahindi ya njano ya msaada, watu wayacheka ati chakula cha kuku lakini sufuria hazikurudi na kitu. Ungewaambia watoto wangoje mkulima avune?

KAPUNGU: Mzee wangu, shikamoo, njaa ni njaa sikatai. Lakini hata msaada ule una wenyewe, sheria ya Marekani yataka angalau nusu yake ipakiwe meli zao. Pesa hiyo ingenunua mahindi Kitale, ingekuwaje?

MTU WA MWEA: Binti umekasirika bure, mimi nimesema ukweli. Kama mnapenda mkulima mbona biriani zenu zote ni za Pakistan?

BINTI KIBOKONI: Kwa sababu nawapikia watu wa harusi si wewe na mkeo! Punje ya Pakistan ndefu, yachambuka. Pishori yanukia, sawa, lakini kwa sufuria ya watu mia tatu maji yakizidi kidogo tu washapika bokoboko.

MTU WA MWEA: Bokoboko ni ya mpishi, dada, si ya mchele.

BINTI KIBOKONI: Mpishi gani?? Na lile neno uvivu bado hujalifuta, nangoja.