Mjadala: Shule ikifeli, mwalimu mkuu avuliwe cheo?

Wadau wa Bagamoyo na wengine wote karibuni. Kwenye kikao cha kujadili matokeo, mzazi mmoja kasimama kasema shule ikishika mkia mwalimu mkuu avuliwe cheo hapohapo, si analipwa posho ya madaraka laki mbili kwa mwezi, ukumbi ukapiga makofi. Mi nasema hapana, huko ni kumwonea mtu.

Tuanze na hela. Toka elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, humo 6,000 ndo inaenda shuleni, 4,000 ya vitabu. Shule ya watoto 800 inapata milioni 4.8 mwaka mzima, yani laki nne kwa mwezi, hapo toa chaki, mitihani, umeme, maji, vitasa, choo kimejaa. Akiomba mchango wa mlinzi wazazi wanakuja juu kwamba elimu ni bure, anaitwa kujieleza. Asipoomba, madawati yakaibiwa, anaitwa kujieleza vilevile!

Halafu walimu, yeye haajiri wala hahamishi. Kuna mwalimu mkuu wa huku vijijini kwetu nilimkuta anafundisha hisabati darasa la saba mwenyewe maana mwalimu wa somo kahamishwa na hajaletwa mwingine, yuko ubaoni simu inalia mfululizo, kwenye grupu la wasapu wanataka idadi ya matundu ya vyoo kabla ya saa sita, ikabidi awaachie watoto zoezi akahesabu matundu yaleyale aliyoyatolea taarifa mwezi uliopita. Kipindi ndo kikaisha hivyo. Wale watoto wakifeli hisabati tunamtafuta nani?

Na mabadiliko yenyewe hayajatulia. Mitaala mipya imeanza 2024 na darasa la kwanza na la tatu, sasa 2027 la sita wa mtaala mpya na la saba wa ule wa zamani wanamaliza pamoja, mikondo miwili ya mtihani mwaka mmoja, kwa walimu walewale na madarasa yaleyale. Mwaka huo tutavua vyeo wangapi?

Kushindanisha shule tulishajaribu, wakati wa ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa 2013 zikapangwa kwa rangi kufuata matokeo, kijani, njano, nyekundu, na Baraza la Mitihani lenyewe likaja kuacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Sasa sisi tunataka kurudisha kwa mlango wa nyuma.

Sisemi wote ni malaika, wapo wanaokula ruzuku na wapo wanaofika shule saa nne, hao washughulikiwe bila huruma. Ila mpimeni mtu kwa kilicho mkononi mwake: mapato na matumizi yamebandikwa ubaoni kila mzazi aone? Walimu wake wanaingia darasani? Watoto wa darasa la pili wanasoma na kuandika? Na kabla hajakabidhiwa shule apelekwe kwanza ADEM akasomee uongozi, chuo si kipo hapahapa Bagamoyo.

Na ofisi inayomnyima mwalimu wa hisabati mwaka mzima nayo ikae kwenye kile kiti cha kujieleza, mbele ya wazazi hao hao. Mnaotaka avuliwe, nijibuni hilo kwanza, hiyo ofisi mnaifanyaje?