Kipande cha jana usiku: huyu mwandishi wenu ana roho ya namna gani?

BintiMakorora (mleta uzi)

Wadau, salamu baadaye. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Yule mwandishi wenu wa simulizi za kwenye magrupu, simtaji, mnamjua. Yule wa "kipande ni Sh 500, ukimtumia mwenzio hujanitendea haki" halafu anaweka kopa. Huyo huyo.

Mwaka mzima namlisha mtu yule. Simulizi yenyewe: Zaina kafukuzwa kwao kwa fitina za mama wa kambo, kaingia Tanga na mfuko wa rambo, kaokotwa pale Deep Sea na Bi Hidaya muuza samaki wa kukaanga. Nyumba ya Ngamiani, watu hawana udugu hata wa ukucha: Bi Hidaya, Mzee Kombo fundi baiskeli, yule mtoto bubu, na Sudi. Wanakula sinia moja. Mtoto bubu kila usiku anamsogezea Zaina kichwa cha samaki, hajaambiwa na mtu. Nikifika hapo najifuta na ncha ya kanga.

Na Sudi! Sudi asiyeamini hata kivuli chake, maana aliachwa mchanga kwenye ngazi za msikiti. Mpaka ile siku kwenye kivuko cha Pangani, wanavuka kwenda Bweni, ndipo akamwambia Zaina kwamba hawezi kulala gizani. Kuli wa bandarini, anabeba magunia siku nzima, anaogopa giza! Zaina hakucheka, hakusema kitu. Kesho yake Sudi karudi kazini akakuta taa ya chemli imetundikwa dirishani kwake, imeshatiwa mafuta. Jamani. Nilimpa mume wangu simu nikamwambia soma, ona wenzio.

Basi jana. Posa imeletwa. Mzee Kombo kavaa kanzu yenye pasi kwa mara ya kwanza tangu simulizi ianze. Bi Hidaya yuko uani anapeta mchele. Kaulizwa tarehe tu, tarehe! Naye bila kuinua macho kwenye ungo anasema:

"Hawa hawaoani. Nimewanyonyesha wote wawili."

ANAPETA MCHELE. Hakuuweka ungo chini! Mtu anavunja posa, anavunja mioyo ya watu, anavunja na wa kwangu huku Makorora, na mkono unaendelea kutoa chuya!

Nilipiga ukelele jirani wakaja na kanga begani wakijua msiba. Mmoja alishaanza kuuliza maziko saa ngapi.

Na alikuwa anajua! Sudi kamficha nini yule mama? Zaina kampa siri gani hakumpa? Wamekula naye sinia moja, wamemwita mama, kawatazama wanavyopendana mwaka mzima, kakaa kimya, akangoja siku ya posa aseme akiwa anapeta. Anapeta!

Nikamwandikia mwandishi kwa adabu. Adabu kiasi. Akanijibu: "Dada, hii ni sanaa, kama hutaki kulia kaangalie katuni." Kisha akanitoa kwenye grupu, na kipande kijacho nimeshakilipia.

Kipusa wa Chumbageni

Shoga mie niko kitandani naumwa kichwa. Huo ungo nauona nikifumba macho.

Mzee wa Gati

Si wewe uliyekuwa unajaza humu "hawa ni familia jamani, hawa ni familia"? Haya, wamekuwa familia. Unalalamika nini?

BintiMakorora

Mzee wa Gati, nakuheshimu kwa umri tu.

Mgosi Baridi

Mimi nilimshtukia zamani. Hapo hapo kivukoni aliandika jua linazama baharini. Pangani! Bahari iko mashariki, jua limezamaje huko? Asiyejua jua linakozama atajua mapenzi?

Kipusa wa Chumbageni

Mgosi nawe. Watu tunalia wewe unatafuta jua.

Msomi wa Mwahako

Mnashangaa Bi Hidaya? Sisi ndio kwao Shaaban Robert, kazaliwa Vibambani hapo mwaka 1909. Katika Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu ni ndugu wa damu wa Adili, na wakamtosa baharini kwa wivu. Bi Hidaya angalau hajatosa mtu.

BintiMakorora

Na wale waligeuzwa manyani. Mwandishi wenu namwombea hivyo hivyo.

Abuu Twalib

Dada, punguza hasira nikuulize. Alisema kawanyonyesha mara ngapi?

BintiMakorora

Hakusema! Alikuwa anapeta!

Abuu Twalib

Basi posa haijafa. Sisi Waislamu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafi. Kunyonya kunakozuia ndoa ni mara tano zilizo mbalimbali, mtoto hajatimiza miaka 2. Kukiwa na shaka ya idadi, uharamu hauthibiti.

Kipusa wa Chumbageni

Ustaadhi Mungu akuweke! Kichwa kimepoa.

Mama Wawili

Nyie mna bahati mna mwisho wa kulilia. Mimi mwandishi wangu ameandika "itaendelea" tangu kabla ya Ramadhani. Pesa kala, simu hapokei, juzi kaonekana Raskazone anakula urojo.

Mgosi Baridi

Huyo wako namjua. Mhusika wake alikufa, kisha akahudhuria arusi.

Fundi Spoku

Ustaadhi samahani, langu si la simulizi. Mimi na mchumba wangu tumezuiwa mwaka wa tatu sasa. Mama yake mdogo anasema alininyonyesha mama yangu alipolazwa Bombo. Mara nyingi, anasema, mpaka nikaota meno.

Abuu Twalib

Mama yake mdogo, au mama yake aliyemzaa?

Fundi Spoku

Mama mdogo. Anafuatana na mama yake.

Abuu Twalib

Na mchumba, yeye alinyonyeshwa na nani?

Fundi Spoku

Mama yake tu.

Abuu Twalib

Aliyekunyonyesha ni mama yako wa kunyonya, na mchumba ni mtoto wa dada yake. Ninyi ni binamu. Binamu wanaoana. Nani aliwazuia?

Fundi Spoku

Wazee wote.

Mzee wa Gati

Miaka mitatu!!!

Kipusa wa Chumbageni

Fundi zima simu nenda ukweni SASA HIVI.

Mama Wawili

Asiende peke yake, watamrusha. Abuu Twalib mfuate. Fundi ukweni wapi?

Fundi Spoku

Pongwe.

Mgosi Baridi

Nina bodaboda, niko Mikanjuni. Nawapitia baada ya alasiri.

BintiMakorora

Jamani, na Zaina?

Mzee wa Gati

Zaina ndiye mchumba wake? Jina zuri. Fundi, ukimaliza huko tuletee jibu humu humu.