Bosi kanialika Mufindi kuvua trauti, naombeni ushauri

Mtoto wa Nansio
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, Nyegezi. Bosi wangu kanialika twende Mufindi, mkoani Iringa, wikiendi ijayo, kwenye bwawa dogo la juu milimani katikati ya mashamba ya chai, tukavue trauti na kupumzika. Nimeshaitikia, ila usingizi sipati. Huyu samaki anavuliwaje? Nibebe nini? Na kwa kweli niende, au nitafute udhuru? Msinicheke.

Mama Furu
Mkerewe, mtu wa kisiwani, anauliza samaki anavuliwaje. Haya, tumefika.

Migonzo Mitupu
Trauti ana bondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni kama cha sangara? Kama hana bondo la kuuza, kilomita zaidi ya 1,000 unamfuata wa nini? Sangara yuko hapo mbele ya mlango wako.

Baridi ya Mafinga
Karibu kwetu kaka. Trauti ni samaki wa maji baridi yenye hewa nyingi, ndiyo maana huko ziwani hamna. Huku tuko juu, karibu mita 1,900, na asubuhi ukungu unafunika bwawa hata ng'ambo huioni. Beba koti zito, soksi na kofia. Nyavu sahau. Ni fimbo, uzi na chambo bandia cha manyoya kinachofanana na mdudu. Alfajiri na jioni samaki anapanda juu kula wadudu, jua likiwa kali anashuka chini. Ana macho makali, kivuli chako kikiangukia maji amekwenda. Na ukimnasa usivute kwa pupa kama unapandisha nyavu za makila, uzi wake ni mwembamba.

Mzee wa Luchelele
Kijana, nimevua ziwa hili tangu enzi furu, wale samaki wadogo, wamejaa, sangara hajatutawala. Sijawahi kusikia mtu anapanda basi kwenda kupumzika kwa kuvua. Sisi tukitoka kuvua ndipo tunapumzika. Siku moja tulikesha na karabai upande wa Kayenze, upepo ukageuka, taa zikazima zote, dagaa tukawamwaga ili tuokoe mtumbwi. Mwenye mtumbwi alituuliza dagaa wako wapi, hakuuliza sisi tuko wapi. Mabosi ndivyo walivyo.

Dada wa Igoma
Mzee pole, lakini turudi kwa mwenye uzi. Umeshaitikia halafu unauliza uende au usiende. Kuna kitu umekikalia. Sema.

Mtoto wa Nansio
Sijakalia kitu dada. Mkataba wangu unakaribia kuisha na bosi ndiye anayesaini. Nilimwambia natoka ukoo wa wavuvi, akafurahi. Sasa nikikataa itakuwaje?

Dada wa Igoma
Hilo la kazi tumelielewa. Jumamosi hiyo kwenu kuna nini?

Mtoto wa Nansio
Sawa. Jumamosi hiyo wanaleta mahari ya mdogo wangu wa kike. Mzee alishafariki, mimi ndiye mkubwa. Ila nimeshaongea na baba mdogo atakaa kwenye nafasi yangu, na nimetuma hela ya vinywaji. Posho ya safari nayo nimeshapokea. Kwa hiyo msiseme nimetelekeza mtu.

Mama Furu
Yaani washenga wanakaa kwenye mkeka wanauliza kaka yuko wapi, jibu: yuko Iringa anavizia samaki kwa manyoya. Kwa nini usingemwambia bosi kuna mahari? Hata mgeni anaelewa neno mahari.

Kaka Mkubwa
Mpeni nafasi. Mimi nilikaa kwenye mahari ya dada zangu wote, kazi nikapoteza, na hao shemeji leo simu zangu hawapokei. Nenda Mufindi.

Jicho la Mwewe
Subirini. Trauti Tanzania? Hiyo ni samaki ya Ulaya. Na uzi huu niliwahi kuusoma, bosi alikuwa mwingine na samaki alikuwa sato. Tunachezewa.

Baridi ya Mafinga
Wewe mwewe, trauti Waingereza waliwaleta Kenya tangu 1905, na huku kwetu wapo kwenye vijito na mabwawa. Tena kwenye bwawa lililotulia hawazaliani, wanataka mto wenye changarawe, ndiyo maana watu wanapandikiza vifaranga. Uongo mwingine tafuta, huu hapana.

Jicho la Mwewe
Samaki nimekubali. Mahari sijakubali. Weka picha ya tiketi.

Mtoto wa Nansio
Tiketi ya nini, tunakwenda na gari la bosi! Mnataka nimwage ugali wangu hapa ndipo muamini?

Migonzo Mitupu
Bado hujajibu kuhusu bondo.

Dada wa Igoma
Mdogo wako anajua hutakuwepo?

Mtoto wa Nansio
Baba mdogo atamwambia.

Dada wa Igoma
Mpigie wewe. Leo, si Ijumaa usiku.

Mtoto wa Nansio
Nitampigia. @Baridi ya Mafinga, koti la mitumba zito naweza kupata hapo Mafinga, au ninunue huku Makoroboi?