Mjadala: Hizi picha za Wamasai weusi tii na jua linazama, tuendelee kuzichora au basi?

Fundi_Brashi (mwanzisha mada)
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikera siku nyingi, naomba tukijadili bila matusi. Ukipita Mwenge pale Dar kwenye vinyago, ukienda Arusha, ukivuka mpaka hadi Maasai Market Nairobi, picha ni ile ile: anga la chungwa na wekundu, mgunga mmoja, Wamasai watatu warefu kama mianzi, weusi mtupu, hawana macho hawana pua hawana mdomo. Mi nimezichora miaka kama sita kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Unalaza kanvasi chini, unapaka njano, chungwa, nyekundu, unavuta na brashi pana kabla haijakauka, mgunga unaupiga kwa kisu, watu ni mistari tu na shuka inapepea. Siku nikiwa na mzuka natoa nane mpaka kumi.

Sasa siku moja nikampelekea mwenye duka picha ya mzee mmoja wa pale kituoni, nimemchora na makunyanzi yake na pengo lake la mbele. Akaiangalia weee, akasema huyu ni nani sasa, mgeni hataki mtu wa kumkodolea macho sebuleni kwake. Nikarudi nyumbani nikampaka mzee wa watu nyeusi uso mzima, nikaweka jua nyuma, kesho yake ikachukuliwa. Hela nilikula lakini haijanishuka mpaka leo. Swali langu: hivi hatujifuti wenyewe kwa brashi zetu?

MzigoMwenge
Mkuu naona umeshiba. Hiyo "kujifuta" unayoisema imenisomeshea watoto wawili. Mgeni anashuka kwenye gari ana dakika ishirini dereva anapiga honi, anataka kitu cha kukunja kiingie kwenye begi na akifika kwao jirani akikiona tu ajue huyu katoka Afrika. Uso wa mzee wa kituoni yeye unamhusu nini? Hata wewe ukienda Ufaransa utanunua kamnara kale ka chuma, hutanunua picha ya muuza mikate wao. Halafu jua likiwa nyuma ya mtu anaonekana mweusi, mzungu, Mhindi, yeyote yule. Piga picha na simu yako ufukweni Coco jioni uone, simu inapima mwanga wa angani, aliyesimama mbele anabaki giza. Hakuna siasa hapo ni mwanga tu.

Nai_Kaunta
MzigoMwenge mwanga ni mwanga sawa, lakini ni nani alichagua saa ya kupiga picha? Mbona hatuchorwi saa nne asubuhi tukiwa kwa foleni ya matatu? Mwaka 2014 kuna jamaa anaitwa Simon Stevens alikusanya majalada 36 ya vitabu vya kuhusu Afrika akayapanga pamoja, ikasambaa sana ile, yote ni mgunga na anga la machweo. Hadithi ziko tofauti, nchi tofauti, mwandishi ametoa jasho kueleza watu na majina yao na ugomvi wao, halafu mchapishaji huko mbali anabandika mti mweusi basi imeisha. Ndo ile methali, kivuli cha mvumo, ule mti mrefu, huwafunika walio mbali. Sisi tumekaa kwa shina jua linatuchoma.

BintiTanga
Nai hapo kwenye mvumo umeniweza 😂 ila mnakionea kivuli jamani, kivuli hakina kosa. Sisi umeme ukikatika bibi alikuwa anawasha kibatari anakaa mbele ya ukuta, paukwa, pakawa, mikono yake miwili inakuwa sungura, inakuwa fisi, inakuwa yule mzee mwenye ndevu. Uso haupo lakini fisi wa bibi tulimjua tabia zake zote, tukisikia ile sauti ya puani tunafichana chini ya kanga. Na wala si sisi tu. Java kuna wayang kulit, sanamu za ngozi ya nyati zimetobolewa vitundu vidogo vidogo, zinasimamishwa nyuma ya pazia na taa, mtu mmoja tu anaitwa dalang anaziendesha zote na kuzisemea usiku kucha. Mjerumani Lotte Reiniger alikata watu wa karatasi nyeusi kwa mkasi akatoa filamu ndefu mwaka 1926, na kisa kakitoa humu humu kwenye Alfu Lela U Lela tuliyosimuliwa sisi. Kwa hiyo tatizo la picha zenu si weusi. Wale Wamasai wenu hawana wa kuwasemea, wamesimama tu hawaendi kokote hawatoki kokote.

Fundi_Brashi
BintiTanga umenipeleka ninapotaka. Nimesoma habari za jamaa mmoja anaitwa Moses Williams, tangu hapo silali vizuri. Alizaliwa mtumwa kule Marekani kwenye familia ya mchoraji Charles Willson Peale, aliyekuwa na makumbusho yake Philadelphia. Watoto wa Peale walifundishwa kuchora na rangi, Moses akapewa mashine ya vivuli. Mashine yenyewe unakaa ubavu, kijiti kinafuata paji, pua, midomo, kidevu, na huku upande wa pili umbo linatoka dogo kwenye karatasi iliyokunjwa, halafu anakata kwa mkasi anaondoa katikati, unaweka kitu cheusi nyuma, kile kitundu ndo wewe. Senti 8 tu. Aliachwa huru mwaka 1802 na mwaka uliofuata ilihesabiwa zaidi ya picha 8,000 zimetoka pale makumbusho. Mhuri uliogongwa ni wa makumbusho, jina lake hakuna.

Sasa angalieni, zile ni nyeusi tupu kama zetu, macho hamna, lakini mtu akishika ya mama yake anamjua! Kwa sababu pua ni ya mama yake, kishingo ni cha mama yake. Zetu hata ukimwita Mmasai mwenyewe ajitafute hajioni. Hapo ndo naposimamia, mi sisemi tuache kivuli, nasema kivuli kiwe cha mtu.

Kalamu_Kavu
Taratibu mkuu. Hiyo ya "pua ya mtu" nayo ina miiba. Kara Walker, mwanamama Mmarekani mweusi, alianza kujulikana mwaka 1994 kwa kukata karatasi nyeusi watu wa ukubwa wa kawaida na kubandika kwenye kuta nyeupe, mambo ya enzi za utumwa, machafu kweli mengine. Karatasi zote nyeusi, bwana mweusi, mtumwa mweusi. Sasa we mtazamaji unajuaje nani ni nani? Unaangalia midomo, nywele, kisogo, yaani umeshampanga mtu kwa zile zile dharau za zamani, na hakuna aliyekuambia. Mwaka 1997 msanii mkongwe Betye Saar, mweusi mwenzake, akaandikia watu barua akipinga kazi zake zisionyeshwe, kwamba anawafurahisha wazungu kwa kutudhalilisha. Kwa hiyo kuna walioona uso haupo wakakasirika, na kuna walioona upo wakakasirika zaidi. Ungekuwa wewe ungefungia ipi?

Fundi_Brashi
Nisingefungia hata moja. Na nakubali hapo umenibana, nilikuwa nawaza ukiweka pua umemaliza kazi kumbe pua nayo inaweza ikawa ya katuni. Ila Walker unamaliza kuangalia unajiuliza maswali, umejishika mwenyewe ugoni. Yule wa machweo unamtundika juu ya kochi unasahau kama yupo. Hata hivyo MzigoMwenge ada ya watoto siwezi kuibishia, nilikuwa huko.

Kwa faida ya mjadala, mwezi huu nimerudi kwa yule mzee wa kituoni. Nimemkalisha ubavu nimempiga tochi, nikafuata kivuli chake ukutani na mkaa. Nyeusi tupu, jua nyuma nimeliweka, lakini ndevu zake zipo na ile kofia yake iliyopinda. Mke wake alipoiona akacheka akasema huyu hata gizani anataka chai.

MzigoMwenge
Sawa. Lete tatu kwa mali kauli tuone. Zisizidi upana wa begi, na mgunga weka, hata kama ni kwa pembeni.