Naomba ushauri: nataka kuwatoa wanafunzi nje kwa sayansi hapa Malindi, safari ya mwaka jana haikuzaa kitu

Mwalimu_Bio_Mld

Assalam aleikum, na habari zenu nyote.

Nafundisha biolojia na kemia katika shule ya kutwa hapa Malindi. Kidato cha tatu nina wanafunzi 46. Maabara tunayo, lakini darubini inayofanya kazi ni moja, na jaribio la osmosisi (maji kupenya utando kuelekea penye chumvi au sukari nyingi) kwa kiazi tumelirudia hata watoto wanalijua jibu kabla hawajakishika kisu. Wananiandikia matokeo ambayo macho yao hayakuyaona. Hilo linaniuma kuliko alama za mtihani.

Mwaka jana niliipigania safari. Wazazi wakachanga, tukakodi basi, tukafika ufuoni saa nne asubuhi kuangalia viumbe wa kwenye mwamba. Tukakuta maji yamejaa, mawimbi yanapiga mchanga wa juu. Mwamba wenyewe hatukuuona. Watoto wakapiga picha, wakala viazi karai, tukarudi. Ripoti walizoniletea zilifanana kama zimeandikwa na mkono mmoja: "tuliona bahari kubwa na nzuri". Na hawa ni watoto waliozaliwa wakiisikia bahari hiyo usiku na mchana. Mwalimu mkuu aliniuliza wamejifunza nini kipya, nikakosa la kumjibu.

Muhula huu nimekubaliwa safari moja tu, na mfukoni tuna shilingi 18,000. Niwapeleke wapi, na nifanye nini ili warudi na kitu kichwani? Waliowahi kufanya nawaomba mnieleze kwa undani.

BinNahodha

Mwalimu, siku ile ilikuwa mwezi ngapi? Siulizi tarehe ya kalenda ya ukutani, nauliza mwezi wa kuandama.

Mwalimu_Bio_Mld

Nimetafuta. Ilikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama.

BinNahodha

Basi kisa ni hicho. Mwezi nane ni maji mafu. Hayapwi sana wala hayajai sana, na saa nne asubuhi ndipo yanapofika juu. Ulikwenda saa ambayo mvuvi wa miguu yuko nyumbani anakunywa chai.

Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku zake nzuri ni mbili tatu zinazofuata. Katika siku hizo pwani yetu hii maji hupwa kwenye saa nne kwenda saa tano asubuhi, mwamba ukabaki wazi, na tofauti ya kupwa na kujaa huweza kukaribia mita 4. Kila siku kupwa huchelewa kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao kila siku huchelewa kuchomoza. Kwa hiyo ukihesabu siku saba kutoka bamvua, saa ya kupwa imeshakuwa saa ya kujaa.

Nakuomba lakini usiwaambie watoto haya niliyokuambia. Wape kamba yenye fundo kila mita. Wachague mnazi mmoja ufuoni, wapime kutoka shina la mnazi mpaka ukingo wa maji kila nusu saa, kwa zamu, tangu asubuhi mpaka alasiri. Jumamosi ya bamvua na Jumamosi inayofuata zatosha. Wachore grafu mbili kwenye karatasi moja. Swali watakuuliza wao, na hiyo kazi haihitaji basi wala senti ya mtu.

Mzee_wa_Safari

Mimi naona mkitoka mkamilishe. Anzeni magofu ya Gede, hapo hapo muingie mradi wa vipepeo wa Kipepeo, mpite msitu wa Arabuko-Sokoke, mchana mbuga ya bahari, jioni Marafa mkaone korongo la Nyari machweo. Zote ziko kaunti yetu, na watoto wengine hawatapata nafasi tena.

Kijana_wa_Mida

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo nakupinga. Nimetembeza vikundi vingi vya shule kwenye mikoko ya hori la Mida. Wanaokuja na ratiba ya sehemu tano hushuka wakiwa wamechoka, hukaa dakika 25, mwalimu anaangalia saa, kisha honi. Hakuna anayeinama. Na kwenye mikoko usipoinama hujaona kitu.

Mwalimu, njoo Mida peke yake na ukae saa tatu. Nitakueleza tunachofanya tukipata kikundi chenye utulivu. Tunaanza na mchu, mti mmojawapo wa jamii ya mikoko. Asubuhi kabla jua halijakaza, mwambie mwanafunzi apitishe kidole juu ya jani la mchu kisha akiguse kidole kwa ulimi. Chumvi. Sura inabadilika hapo hapo. Ukiwa na kioo cha kukuzia utaziona chembe zenyewe zinang'aa juu ya jani, kwa sababu mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa vitezi vya majani. Halafu wapeleke kwenye mkoko wenyewe, mti mwingine ulio hatua chache tu kutoka hapo, wafanye vilevile. Hakuna ladha yoyote. Mkoko huizuia chumvi nyingi huku chini mizizini, isipande. Miti miwili, tope moja, njia mbili tofauti. Osmosisi unayohangaika nayo kwenye kiazi iko hapo.

Waangalie na mizizi. Ile ya mchu imetoka kwenye tope kama penseli zilizochomekwa, na ya mkoko imejipinda kama miguu ya kaa. Zote zinatafuta hewa, maana tope lile halina oksijeni. Fukua kidogo usikie harufu ya yai bovu. Mbegu ya mkoko nayo huota ingali juu ya mti, ikianguka tayari ni mche.

Kwa hesabu, chukua vijiti vinne na kamba, fanya mraba wa mita moja kwa mita moja. Wahesabu matundu ya kaa karibu na maji, katikati, na juu kwenye mchanga mgumu. Kila sehemu miraba mitano, watoe wastani. Msivunje tawi wala kuchukua mnyama. Kule mbuga ya bahari ndiyo kabisa, tangu ilipotangazwa mwaka 1968 hata kombe tupu haliokotwi.

Mama_Wawili

Nasema kama mzazi. Mwanangu alirudi safari moja na miiba ya bahari kwenye unyayo kwa sababu waliambiwa waje na slipa. Viatu vya kufunga, hata kama ni raba zilizochakaa. Maji ya kunywa ya kutosha. Sanduku la huduma ya kwanza liwe mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana, lisiachwe kwenye basi. Na barua ya ruhusa ije mapema, ieleze watafanya nini. Mimi nikisoma "safari ya kielimu" pekee sina haraka ya kutoa pesa. Nikisoma kwamba watahesabu kaa na kupima chumvi, nitaazima.

Fundi_wa_Maabara

Nakubaliana na huyo wa Mida, naongeza ya kabla na ya baada. Wiki moja kabla, tengenezeni vifaa kwa mikono yenu.

Kipima uzito wa maji: mrija wa soda, ziba upande mmoja kwa nta ya mshumaa, tia misumari midogo miwili mpaka mrija usimame wima ndani ya maji. Tia alama pale maji ya bomba yanapofika. Kwenye maji ya bahari mrija utainuka zaidi. Ukiweza kupata chupa ya maji kutoka mdomo wa mto Sabaki, alama yake itaangukia katikati, na hapo wanafunzi wataona mto unavyochanganyika na bahari. Ila msiende kuyateka wenyewe na watoto, pale pana viboko. Mwombe mvuvi anayepajua.

Kipima ukungu wa maji: mfuniko wa ndoo, paka robo nyeupe robo nyeusi, funga kamba na jiwe chini. Teremsha mpaka usionekane, soma kamba. Kuna kasisi wa Italia, Angelo Secchi, alitumia kisahani cha namna hiyo, chake kikiwa cheupe, baharini mwaka 1865 na mpaka leo wanasayansi wanakitumia. Ukipima wakati wa mvua, Sabaki ikiwa imeshusha udongo na bahari yetu imekuwa rangi ya chai ya maziwa, kisha ukapima kiangazi, umepata mradi wa mwaka mzima.

Baada ya safari, chemsheni lita moja ya maji ya bahari mpaka yakauke. Moto mdogo mwishoni, chumvi hurukaruka. Pima mabaki, mtapata kama gramu 35. Wasipopata 35, usiwape jibu, wajadili imepotelea wapi.

Mwana_wa_Ngomeni

Hiyo ya chumvi ndiyo maisha yetu huku Gongoni na Ngomeni. Mashamba ya chumvi yanafanya jaribio hilo hilo kwa jua. Maji hayakaushwi kwenye bwawa moja, huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa kadiri yanavyozidi kuwa mazito. Kwanza hutangulia kutuama chokaa, kisha jasi, halafu ndiyo chumvi ya kula. Maji yanayobaki mwisho ni machungu, yamejaa magnesiamu, na hayo humwagwa kabla hayajaiharibu chumvi. Mwanafunzi akiuona mpangilio huo, utengano wa mchanganyiko ameufahamu bila kukariri.

Na jambo jingine ambalo watoto wa Malindi hawaambiwi. Zile nguzo za chuma zinazosimama baharini hapa Ngomeni ni jukwaa la San Marco, la Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru, kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Walipachagua kwetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta, na hapo dunia inazunguka kwa kasi kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo wa bure. Mwalimu wenu wa fizikia asiliache hilo. Kuingia kituoni kunataka barua na subira, lakini nguzo mnaweza kuziangalia kutoka ufuoni.

Mwalimu_Bio_Mld

Nimesoma kila neno, wengine mara mbili. Ahsanteni sana. Nimemwendea mwalimu mkuu na barua mpya kwa wazazi iliyoandikwa kama alivyosema Mama_Wawili. Ameitia sahihi.

Tunakwenda Mida pekee, Jumamosi ya mwezi kumi na sita. Ngomeni tutaitafutia mwaka ujao. BinNahodha, kamba zenye fundo zimeshafungwa, na wanafunzi sita wanaokaa karibu na ufuo wameanza kupima bila kusubiri ruhusa yangu.

Swali moja: watu 46 kwenye tope, niwagawe vipi?

Kijana_wa_Mida

Vikundi vya watu sita sita au saba, kila kimoja kamba yake na mwandishi wake. Nusu waanzie kwa mchu, nusu waanzie kwa kaa, kisha wabadilishane. Wakikaribia kaa wasimame kimya kama dakika tano, la sivyo watahesabu matundu matupu. Dume ana gando moja kubwa, jike yote madogo, waandike nao.

Mwalimu_Bio_Mld (wiki tatu baadaye)

Tumerudi, nawaletea habari kama nilivyoahidi.

Tulifika saa tatu na nusu, maji yakiwa yanaendelea kupwa. Kulamba jani walianza kwa kusitasita, baadaye nikawa nawazuia. Kuna binti mmoja ambaye tangu kidato cha kwanza sijamsikia akinyoosha mkono. Alikaa kwenye mraba wake wa juu mpaka wenzake wakaondoka. Akaniita: "Mwalimu, hapa matundu ni 9 na kule chini 31, lakini ya hapa ni makubwa zaidi. Nikihesabu tu si nitasema uongo?" Tukatafuta rula, akaanza kupima upana wa kila tundu. Kikundi chake chote kikarudi kumsaidia.

Maji ya bahari tumeyachemsha Jumatatu. Vikundi vinne vilipata kati ya gramu 33 na 36, kimoja kikapata 27, na ubishi wa hiyo 27 ulimaliza vipindi viwili. Wamegundua sufuria yao ilikuwa na chumvi iliyoganda kwenye ukingo wa juu ambayo hawakuikwangua. Wameomba kurudia Ijumaa.