Panya waliozimwa jeni katika utafiti wa kinga ya mwili: tuendelee, tupunguze au tuache?

Mleta mada

Wakuu, suala hili linagusa dawa zinazookoa watu na viumbe wasioweza kujisemea, kwa hiyo naomba tulijadili kwa hoja.

Panya aliyezimwa jeni ni yule ambaye jeni yake moja imeharibiwa makusudi kabla hajazaliwa, ili ionekane mwili wake utapungukiwa na nini. Wa kwanza walipatikana mwaka 1989, na mwaka 2007 Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyofungua njia hiyo. Leo wapo wanaotaka njia hii ifungwe. Wamepata nguvu zaidi tangu mwisho wa 2022, Marekani ilipoondoa sharti la kisheria kwamba kila dawa ijaribiwe kwanza kwa wanyama. Sheria ile inahusu dawa, haihusu utafiti wa msingi, lakini hoja zimeshachanganywa.

Mimi nasema tuendelee, kwa masharti. Kinga ya mwili haikai mahali pamoja. Seli huzaliwa kwenye uboho, nyingine hufunzwa kwenye tezi ya thaimasi, kisha husambaa hadi kwenye utumbo wenye mabilioni ya bakteria. Mahusiano hayo hayapatikani kwenye sahani ya maabara. Chukueni protini iitwayo IL-2. Kwenye sahani ilijulikana kwa kuchochea seli T, yaani askari wa kinga, zizaliane, kwa hiyo panya asiye nayo alitarajiwa awe na kinga dhaifu. Mwaka 1993 matokeo yakaja kinyume: panya hao waliugua uvimbe mkali wa utumbo mpana kwa sababu kinga yao iliwageukia wenyewe. Baadaye ikaeleweka kwamba IL-2 ndiyo inayozitunza seli T za udhibiti, zile zinazowatuliza wenzao.

Au CTLA-4. Watafiti walibishana kama protini hii inachochea seli T au inazizuia. Mwaka 1995 panya waliozimwa jeni hiyo walikufa wakiwa na wiki 3 hadi 4, viungo vyao vimejaa seli za kinga. Ubishi ukaisha: ni breki. Dawa inayoilegeza breki hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Wapo wagonjwa waliokuwa wameambiwa hawana matumaini ambao wako hai kwa sababu yake.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umeandika "walikufa wakiwa na wiki 3 hadi 4" kama mtu anayesoma jedwali. Hao ni viumbe wanaosikia maumivu, na waliumbwa hivyo kwa makusudi. Panya wa porini ana nafasi ya kukimbia. Huyu ugonjwa wake umeandikwa ndani ya seli zake kabla hajafumbua macho.

Tena hukuwataja wasioingia kwenye jaribio kabisa. Ukipandisha panya wawili wenye nakala moja tu iliyoharibika, ni mtoto mmoja kati ya wanne anayetegemewa kuzaliwa na nakala zote mbili zilizoharibika. Ukitaka jeni mbili kwa pamoja, ni mmoja kati ya 16. Wengine wanaenda wapi? Umoja wa Ulaya ulipohesabu wanyama waliozalishwa mwaka 2017 wakauawa bila kutumika, walizidi milioni 12, wengi wao panya. Si wote walitokana na kazi za jeni, lakini sehemu kubwa ilitoka huko. Kabla hatujauliza faida, tuulize kwanza nani alitupa ruhusa ya kuwahesabu hao kama mabaki.

Mchangiaji wa pili

Mimi sina ugomvi na maadili tu. Nina ugomvi na ukweli wa majibu yenyewe. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba panya waliozimwa jeni ya kaspesi-1, kimeng'enya cha seli za kinga kinachochochea uvimbe, wanastahimili sumu ya bakteria kwa kuikosa kaspesi-1. Mwaka 2011 ikagundulika kuwa walikosa pia kaspesi-11, jeni jirani ambayo tayari ilikuwa mbovu kwenye ukoo wa panya uitwao 129, ambako seli shina za kuwatengenezea zilitolewa. Na kuikosa hiyo ya pili ndiko kulikokuwa kunawalinda. Muda wote huo jeni isiyohusika ilipewa sifa.

Halafu kuna MyD88, protini inayopitisha taarifa za hatari ndani ya seli za kinga. Panya asiye nayo huzidiwa na karibu kila kimelea anachopewa. Watoto waliozaliwa bila MyD88, walioelezwa mwaka 2008, husumbuliwa zaidi na bakteria wachache wa usaha, na hatari hupungua wakikua. Hata hiyo CTLA-4 yako: panya mwenye nakala moja mbovu ni mzima, ilhali binadamu wa hali hiyohiyo anaweza kuugua vibaya. Mwaka 2016 ilionyeshwa pia kwamba kinga ya panya wa maabara waliokulia kwenye usafi wa kupindukia inafanana na ya mtoto mchanga kuliko ya mtu mzima. Tunamuuliza nani hasa?

Mleta mada

Nashukuru, hizi ni hoja nzito. Naanza na hii ya mwisho. Tofauti kati ya panya na mtu haimfanyi panya kuwa bure, bali inatulazimisha kutokumwamini peke yake. Tazameni peforini, protini ambayo seli za kinga huitumia kutoboa seli zilizoambukizwa. Panya waliozimwa jeni yake walielezwa mwaka 1994. Mwaka 1999 jeni hiyohiyo ikakutwa na hitilafu kwa watoto wenye ugonjwa wa kurithi ambao kinga huwaka bila kuzimika hadi kuua. Ndani ya miili ya watoto wale sitokini nyingi, yaani protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo, zilishukiwa kuwa ndizo zinazoua. Mwaka 2004 panya hao wakaambukizwa virusi, nao wakaugua vilevile, na kuzuia sitokini moja, intaferoni gama, kukawaokoa. Mwaka 2018 dawa inayozuia intaferoni hiyo, emapalumab, ikaidhinishwa Marekani kwa watoto hao. Kwa mtoto mgonjwa usingeweza kuzuia sitokini moja baada ya nyingine ili uone ipi inamwua.

Mfano wa kaspesi unanifundisha sharti moja ninalolitaka sana: panya wa kulinganisha wawe ndugu wa tumbo moja, na kila ukoo usomwe jeni zake kabla ya kuaminiwa. Pia jeni izimwe kwenye aina moja tu ya seli pale inapowezekana, mbinu iliyopo tangu miaka ya 1990, ili mnyama mzima asiharibiwe kwa swali la seli moja. Koo zisizotumika zigandishwe kama mbegu au viinitete badala ya kuzalishwa tu. Na tangu 2013, CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri jeni, ilipofanya kazi ya zaidi ya mwaka iwe ya wiki chache, urahisi wenyewe umekuwa hatari, kwa sababu mtu anaweza kuzima jeni kabla hajafikiri swali lake.

Ndugu yangu wa kwanza, kuhusu hesabu nakuunga mkono. Kila chapisho litaje waliozaliwa wote, si waliopimwa tu. Na kuna jambo ningelipiga marufuku kesho: majaribio ya sumu ya bakteria ambayo kipimo chake ni kusubiri kuona nani amekufa. Joto la mwili likishuka vya kutosha, mtafiti anajua mnyama huyo hatapona. Saa zinazofuata hazimwongezei elimu, zinamwongezea mnyama mateso.

Ila wanaosema tuache kabisa nawaomba wajibu hili moja: wale watoto wa peforini, ni njia gani nyingine ingetufikisha kwenye intaferoni gama?