Shairi lililokukuta msibani, au jikoni: tupeane uzoefu

Mwana wa Tanga:
Wakuu, habari za jioni. "Amina" ya Shaaban Robert wengi tumeikariri shuleni. "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Tukahesabu mizani, nane kwa nane, tukapata alama zetu, basi. Kwamba Amina alikuwa mke wa mtu, na mtu mwenyewe ni huyo Shaaban, karani wa serikali anayesimulia maisha yake, hilo halikutoka kwenye mtihani.

Mwaka jana niliondokewa na mke wangu. Nikalitafuta lile shairi, nikasoma ubeti wa kwanza, nikafunga kitabu kwa hasira. Kwa nini huyu ana maneno na mimi sina? Zikapita wiki ndipo nikauweza ubeti wa pili.

Sasa nataka kusikia kwenu. Shairi gani la kumkumbuka mtu, la kupotelewa, au la mambo ya nyumbani tu, lilikuingia? Lilikukuta wapi? Vina na mizani tuwaachie watoto wa kidato cha nne.

Binti Langoni:
Pole sana kaka, Mungu akupe subira.

Langu ni Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili. Bibi yangu wa Lamu alikuwa akiighani huku anachambua mchele, nami nikidhani ni maneno ya kutishia watoto: makaburi, popo, mabundi. Alipofariki tukaitwa wajukuu kutoa vyombo, nyumba igawanywe. Ni nyumba ya mawe ya kizamani, ukuta wa ndani umejaa zidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu, na humo alipanga sahani zake za maua, zile ambazo hakuna aliyewahi kulia chakula. Nikawa nazitoa moja moja nazifunga gazeti. Mara nikasikia mdomo wangu wenyewe:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na koti waikaliye

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga hayo mwanzoni mwa karne ya 19, akizisemea nyumba za matajiri wa Pate, kisiwa cha jirani na Lamu. Wenyewe wamekwisha, makinda ya ndege yamelala palipokuwa pa sahani, bundi wanakoroma ndani. Husemwa ni shairi la dini, la kuusuta moyo uiache dunia, na ni kweli. Lakini asiyezipenda zile sahani angejuaje zilikuwa zikikaa wapi? Mimi namsoma kama mtu aliyeingia mle ndani akatazama kila tundu. Shangazi, aliyekuwa akifunga vikombe, akaendelea na ubeti mwingine bila kuinua kichwa.

Fundi Saa:
Hapo kwenye sahani umenimaliza.

Nesi wa Usiku:
Nitataja Utendi wa Mwana Kupona, ule wasia wa mama kwa bintiye juu ya kumtunza mume, na najua nitasemwa.

Mama yangu aliugua figo. Umeme ukikatika usiku nilikuwa nampepea kwa upepeo wa ukindu, maana joto lilikuwa halimwachi alale. Usiku mmoja yakanijia maneno "na upepo asikose, mtu wa kumpepea." Shuleni tuliyacheka sana hayo, kwa kuwa anayepepewa pale ni mume aliyelala. Tulichopitiwa ni kwamba aliyeyatunga, Mwana Kupona mwenyewe, mwaka 1858, alikuwa mgonjwa anayemuusia bintiye, na miaka michache baadaye akafariki. Mwenyewe kasema mapema kabisa:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Mama naye alikuwa na wasia wake, ila haukuwa na beti. Kanga za sanduku la chini asipewe mtu. Zamu ya upatu ya mwezi wa nane ni yake, niifuatilie. Jirani fulani tunamdai elfu arobaini, asidaiwe tena. Niliuandika nyuma ya daftari la dawa. Nikiusoma leo, hilo la jirani ndilo linanishinda.

Kalamu Nyekundu:
Pole dada yangu. Ila utendi ule mimi siutetei. Niliupewa usiku wa kuamkia ndoa yangu, beti za kumtumikia mume zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Ndoa ilivunjika, kitabu ninacho.

Nesi wa Usiku:
Sikulaumu. Ningepewa hivyo nami ningekichukia.

Mpemba wa Muscat:
Mimi kusoma kimya sijui, shairi mpaka lighaniwe. Arobaini ya babu nilikuwa huku Muscat, wakanisogezea simu karibu na mjomba anapoghani. Mtandao ukawa unakata kila baada ya kituo. Nikapata ukwapi (nusu ya kwanza) wa mshororo huu, utao (nusu ya pili) wa ule. Baadaye walinitumia sauti nzima, safi kabisa. Nimeisikiliza mara moja tu. Ninayoirudia kichwani ni ile ya vipande.

Kopo la Biskuti:
Mzee wangu hakuwa malenga wa kujulikana. Alikuwa akipeleka mashairi gazetini, kule kwenye ukurasa wa kujibizana, na yakitoka anayakata kwa mkasi na kuyatia kwenye kopo. Alipofariki tulifungua kopo tukitafuta hati ya shamba. Hati haikuwemo. Ilikuwemo habari ya baiskeli yake kuibiwa, beti saba. Naweka mmoja:

Kipando kimeondoka, mwizi amekichukua,
Na kengele ya kuwika, wanangu waliijua,
Ikilia walitoka, mbio kuja nipokea,
Kwa miguu nimefika, hakuna wa kutokea.

Kwenye hao wa kutoka mbio mimi nilikuwa wa mbele. Siku ya kuibiwa siikumbuki hata kidogo. Nakumbuka kengele tu, na mkate uliofungwa nyuma kwa mpira.

Binti Langoni:
Mungu amrehemu. Huyo malenga, kujulikana ni jambo jingine.

Fundi Saa:
Hati ya shamba mliipata?

Kopo la Biskuti:
Tuliipata kwa mdogo wake. Hiyo ina uzi wake siku nyingine.

Mwana wa Tanga:
Na mwizi wa baiskeli je?

Kopo la Biskuti:
Hakupatikana. Ubeti wa tano mzee kamlaani vizuri sana, ila siuweki hapa, kuna watoto.